Wimbo wa Baba: Santuri ya Horace Silver na Urithi Uliokataliwa

Baba wengi huwaachia watoto wao shamba, ng'ombe au nyumba. Wapo wengine ambao hawana kitu cha kuandikwa katika wasia, ila wanazo nyimbo za kwao, hadithi za kwao na desturi za kwao. Urithi wa namna hii una shida moja: mtoto anaweza kuukataa, na hapana hakimu wala mzee wa baraza awezaye kumlazimisha aupokee.

Bwana John Tavares Silva alikuwa baba wa jinsi hiyo. Alikuwa mhamiaji kutoka visiwa vya Cape Verde, mfanyakazi wa kiwanda cha matairi katika mji mdogo wa Norwalk, jimbo la Connecticut, nchini Marekani. Mwanawe, Horace Silver, alikuja kuwa mmoja wa wapiga piano mashuhuri wa muziki wa jazi. Kwa miaka mingi baba alimsihi mwanawe azichukue nyimbo za wazee wa visiwani na kuzitia katika jazi yake. Kwa miaka mingi mwana hakuona maana ya jambo hilo.

Makala haya yanaeleza jinsi urithi huo uliokataliwa ulivyorudi kwa mlango mwingine, katika santuri iitwayo Song for My Father, maana yake Wimbo kwa Baba Yangu, iliyotolewa mwaka 1965 na kampuni ya Blue Note ya New York. Tunawakusudia hasa wazazi waishio katika nyumba za kambi za jeshi na za polisi, ambao watoto wao wanakua mbali na vijiji vya babu zao.

KUTOKA KISIWA CHA MAIO

Visiwa vya Cape Verde viko kumi, katika bahari ya Atlantiki, upande wa magharibi wa Senegali. Wareno walipovifikia katika karne ya 15 havikuwa na watu. Waliwaleta watumwa kutoka pwani ya Afrika, na kwa mchanganyiko wa Waafrika na Wareno likatokea taifa lenye lugha yake na muziki wake. Ni nchi ya ukame. Mvua zilipokosekana njaa iliwaua watu kwa maelfu, na wakoloni hawakufanya mengi kuizuia. Kwa hiyo, tangu karne ya 19, vijana wengi walipanda meli za kuwinda nyangumi zilizopita visiwani na kwenda Marekani kutafuta riziki.

Baba yake Horace alitoka kisiwa cha Maio, kisiwa kikavu kilichojulikana kwa chumvi yake. Huko ugenini jina la Silva likageuzwa kuwa Silver, ili litamkike kwa urahisi katika vinywa vya Wamarekani. Jina likabadilika, lakini muziki haukubadilika. Mzee huyo hakusoma noti. Alipiga fidla na gita kwa kusikiliza tu. Baadhi ya usiku wa Jumamosi wenzake kutoka visiwani walikusanyika nyumbani kwake, vyombo vikaletwa, na jiko la nyumba likageuka kuwa ukumbi wa dansi.

Horace alizaliwa tarehe 2 Septemba 1928. Mama yake, ambaye asili yake ilikuwa Waafrika wa Marekani na Waairishi, aliimba katika kwaya ya kanisa. Mama huyo alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka tisa. Tangu hapo baba ndiye aliyebaki kuwa mzazi pekee, naye aliendelea kufanya kazi kiwandani na kupiga fidla yake.

Hivyo mtoto huyu alikuwa na hazina mbili nyumbani. Moja ilikuwa muziki wa kanisa na wa Waafrika wa Marekani, upande wa mama. Ya pili ilikuwa muziki wa visiwa, upande wa baba. Ile ya kwanza aliikumbatia mapema. Hii ya pili aliiacha jikoni.

MWANA ACHAGUA NJIA YAKE

Akiwa bado mtoto, Horace aliisikia bendi ya Jimmie Lunceford iliyokuja kupiga katika bustani ya starehe karibu na kwao. Ilikuwa bendi kubwa, yenye mavazi nadhifu na mpangilio mkali wa vyombo. Tangu siku hiyo akaazimia kuwa mwanamuziki. Shuleni alipiga saksafoni, na nyumbani alijifunza piano. Mwaka 1950, katika mji wa Hartford, mpiga saksafoni maarufu Stan Getz alimsikia na kumchukua katika kundi lake. Mwaka uliofuata Horace akahamia New York.

Huko alikutana na mpiga ngoma Art Blakey, na pamoja wakaunda kundi lililoitwa Jazz Messengers, yaani Wajumbe wa Jazi. Kundi hilo lilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mtindo uitwao hadibopu, nasi hapana budi tuueleze kwa maneno machache.

Katika miaka ya 1940, wanamuziki kama Charlie Parker na Dizzy Gillespie walikuwa wameanzisha bibopu, jazi ya mwendo wa kasi na sauti ngumu kufuata. Ilikuwa jazi ya kukaa na kusikiliza, wala si ya kucheza. Wanamuziki wa hadibopu hawakuutupa ujuzi huo. Waliuchukua, kisha wakaurudishia vitu viwili vilivyokuwa vikisahauliwa: uimbaji wa makanisa ya watu weusi na huzuni ya bluzi. Matokeo yake yakawa muziki wenye elimu ndani yake, lakini ambao mfanyakazi aliyetoka kazini jioni angeweza kuutikisia kichwa na kuupigia mguu.

Hapa pana kisa kimoja kinachofaa kukumbukwa. Mwaka 1955 Silver alitunga wimbo uitwao The Preacher, yaani Mhubiri, wenye ladha ya kanisani. Alfred Lion, Mjerumani aliyeianzisha Blue Note mwaka 1939, hakuupenda. Aliuona kuwa wa kizamani mno. Silver hakukubali uachwe. Wimbo ukarekodiwa, na ukawa mojawapo ya nyimbo zilizompatia jina.

Msomaji atazame vizuri jambo hili. Kijana yule yule aliyeutetea muziki wa upande wa mama yake ulipoitwa wa kizamani, alikuwa akiuona muziki wa baba yake kuwa wa kizamani. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuona la maana ndani yake, kwa kuwa alikuwa amezaliwa Marekani na katika muziki wa Kimarekani. Hakuwa mtoto mtovu wa adabu. Alikuwa mtoto wa mhamiaji, na watoto wa wahamiaji aghalabu huona haya kwa vitu vya kwao kabla ya kuvionea fahari.

SAFARI YA BRAZILI

Mwaka 1956 Silver aliachana na Wajumbe wa Jazi akaongoza kundi lake mwenyewe la watu watano: tarumbeta, saksafoni, piano, besi na ngoma. Kwa miaka kadhaa wenzake walikuwa Blue Mitchell, Junior Cook, Gene Taylor na Roy Brooks. Lilikuwa kundi lenye nidhamu. Nyimbo zilipangwa kwa makini, kila chombo kikajua mahali pa kuingia na mahali pa kunyamaza, na mpigaji hakuachiwa kuzungukazunguka hadi wasikilizaji wachoke.

Mapema mwaka 1964 Silver alisafiri kwenda Brazili, akawa mgeni wa mpiga piano Sergio Mendes katika mji wa Rio de Janeiro. Alikaa kiasi cha majuma matatu. Aliiona sherehe kubwa ya kila mwaka ya mji huo, akatembelea mahali walipopiga wanamuziki vijana, naye akaketi kwenye piano na kupiga pamoja nao. Wakati huo bosanova, muziki wa upole uliotokana na samba mwishoni mwa miaka ya 1950, ulikuwa umeenea. Mwendo wake ulimshika.

Aliporudi New York alikusudia kutunga wimbo kwa mwendo ule wa Brazili. Alikaa kwenye piano akajaribu hiki na kile, hata sauti zikajipanga. Aliposikiliza alichokitunga, alitambua kwamba haikuwa sauti ya Rio peke yake. Ilifanana na zile nyimbo ambazo baba yake angezipiga. Ndipo akaupa wimbo jina lake.

Hili lisimshangaze mtu. Brazili na Cape Verde zilitawaliwa na Mreno mmoja, na meli zile zile za biashara ya watumwa zilipita katika bahari moja zikiwabeba Waafrika, magita na nyimbo. Muziki wa Rio na muziki wa Maio ni watoto wa ukoo mmoja waliolelewa pande mbili za bahari. Silver alikuwa amesafiri maelfu ya kilomita kusikia jambo ambalo lilikuwa likipigwa jikoni kwao Norwalk.

NDANI YA SANTURI

Katika mwaka huo huo wa 1964 kundi lake la zamani lilivunjika, akaunda jipya. Tarumbeta alipewa Carmell Jones wa Kansas. Besi ilikuwa ya Teddy Smith, na ngoma zilikuwa za Roger Humphries, kijana wa miaka 20 tu. Saksafoni ilishikwa na Joe Henderson wa Ohio, mwenye miaka 27. Wasomaji wetu wa jeshini watapenda kujua kwamba Henderson alikuwa askari wa jeshi la Marekani kuanzia mwaka 1960 hadi 1962, na kwamba utumishi wake ulikuwa katika muziki. Alizunguka nchi nyingi akiwatumbuiza askari wenzake. Alipovua sare alikuwa na miaka miwili ya mazoezi ya kila siku mikononi mwake.

Tarehe 26 Oktoba 1964 watu hao watano waliingia katika studio ya Rudy Van Gelder, huko Englewood Cliffs, jimbo la New Jersey. Van Gelder alikuwa kwanza mpimaji wa macho aliyerekodi muziki sebuleni kwa wazazi wake, kabla ya kujenga studio hiyo yenye dari refu la mbao. Siku hiyo zilirekodiwa nyimbo nne kati ya sita za santuri. Mbili zilizobaki zilikuwa zimerekodiwa tarehe 31 Oktoba 1963 na kundi la zamani. Santuri nzima ni dakika 42 hivi.

Wimbo wa kwanza ndio wa baba. Unaanza kwa besi na mkono wa kushoto wa piano vikienda pamoja: sauti moja nzito, kimya kidogo, kisha sauti mbili za kujibu. Mwendo huo haubadiliki karibu wimbo mzima, kama hatua za mtu mzima arudiye nyumbani bila haraka. Juu yake tarumbeta na saksafoni huimba pamoja maneno yasiyo na maneno. Anayetaka kuufahamu zaidi aisikilize besi peke yake. Atasikia sauti za chini zikishuka ngazi nne, moja baada ya nyingine, kisha zikirudi pale zilipoanzia. Wimbo wote umejengwa juu ya ngazi hizo chache.

Kisha Silver mwenyewe hupiga piano. Hapigi sauti nyingi. Huchukua neno fupi, akalirudia, akalibadilisha kidogo, akalirudia tena, kama mwalimu mzuri mbele ya darasa la watoto. Baada yake huingia Henderson kwa saksafoni. Huanza chini kwa utulivu, akapanda pole pole hadi sauti inakuwa ya kukwaruza na karibu kulia, kisha akashuka na kuwapisha wenzake warudie wimbo wa mwanzo. Tarumbeta haipewi nafasi ya peke yake. Kwa dakika saba na ushei hakuna anayejionyesha kupita haja.

Nyimbo nyingine tutazitaja kwa ufupi. The Natives Are Restless Tonight ni bluzi ya kasi, na jina lake ni usemi wa dhihaka uliotoka katika sinema za wakoloni kuhusu wenyeji wasiotulia usiku. Silver aliuchukua usemi huo akaugeuza kuwa mchezo wake. Calcutta Cutie, kutoka kwa kundi la zamani, ni ya taratibu na ya mawazo. Upande wa pili huanza na Que Pasa, ambayo ni ndugu wa karibu wa wimbo wa baba, ila ina giza zaidi. The Kicker ni utungo wa Henderson, wenye mbio za kumtoa mtu jasho. Mwisho ni Lonely Woman, Mwanamke Mpweke, ambapo matarumbeta hunyamaza na kubaki piano, besi na ngoma. Asikilizaye usiku, watoto wakiwa wamelala, atauelewa bila kuelezwa.

BABA JUU YA JALADA

Ilikuwa desturi kwa jalada la santuri kuwa na picha ya kiongozi wa kundi. Juu ya jalada hili hakuwekwa Horace Silver. Aliwekwa baba yake, mzee aliyevaa kofia, ameketi kwa starehe. Mfanyakazi wa kiwanda cha matairi, aliyepiga fidla bila kusoma noti, akatazamwa kutoka madirisha ya maduka ya muziki nchini Marekani na kwingineko.

Santuri ilinunuliwa sana kupita kiasi cha kawaida cha jazi. Mwanzo wa wimbo wa baba ukachukuliwa hata na wanamuziki wa mitindo mingine. Kundi la Steely Dan liliutumia mwaka 1974 katika wimbo wao Rikki Don't Lose That Number, na wengi walioupenda wimbo huo hawakujua ulikotoka.

Silver naye hakuurudisha urithi ule jikoni. Oktoba 1965 alirekodi santuri nyingine akaiita The Cape Verdean Blues, yaani Bluzi ya Cape Verde, akilitangaza jina la nchi ya baba yake wazi wazi. Wakati huo visiwa vilikuwa bado mikononi mwa Wareno. Mwezi huo huo, katika mji wa Dar es Salaam, vyama vilivyopigania uhuru wa makoloni ya Kireno vilifanya mkutano wao wa pili wa pamoja, na miongoni mwa waliohutubia alikuwa Amilcar Cabral, aliyezaliwa Guinea kwa wazazi wa Cape Verde. Hatusemi kwamba santuri iliikomboa nchi. Nchi ilikombolewa na watu wake, na Cabral mwenyewe hakuiona siku hiyo, kwa kuwa aliuawa Januari 1973. Cape Verde ilipata uhuru tarehe 5 Julai 1975. Lakini kwa wapenzi wengi wa jazi, jina la visiwa hivyo lilisomwa kwanza juu ya santuri ya Silver.

Horace Silver aliishi hadi tarehe 18 Juni 2014, akafariki akiwa na umri wa miaka 85. Alitunga nyimbo nyingi, na nyingi kati ya hizo hupigwa hata leo na wanafunzi wa jazi. Ule wa baba ndio unaojulikana kuliko zote.

FUNZO KWA WAZAZI WA KAMBINI

Askari huhamishwa. Mtoto huzaliwa kambi hii, huanza shule kambi ile, na humaliza kambi ya tatu. Rafiki zake wametoka makabila mengi, nao huzungumza Kiswahili baina yao. Hilo ni jambo jema, kwa maana huwafundisha umoja. Lakini mzazi hujikuta akijiuliza: mtoto huyu atazijua lini nyimbo za bibi yake? Naye anapojaribu kumfundisha wimbo wa mavuno au wa kubembeleza mtoto, kijana hucheka na kukimbilia nje kwenye mpira.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Usemi huo ni wa kweli, lakini haufai kutumiwa kama fimbo. Baba yake Horace alisihi. Haisemwi popote kwamba alimlazimisha. Aliendelea tu kupiga fidla yake mbele ya mtoto, mwaka baada ya mwaka. Mwana alipokuwa mtu mzima wa miaka 35, mkono wake ulizikuta zile sauti mahali pake, kwa sababu zilikuwa zimetiwa humo mapema. Kama jiko lile lingekuwa kimya, safari ya Brazili ingempa mwendo wa Brazili, basi.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, mtoto akicheka usikasirike, wala usinyamaze. Imba unaposhona kifungo cha sare, imba unapopepeta mchele, imba unapong'arisha viatu vya gwaride. Taja jina la wimbo na kijiji ulikotoka. Bibi akija kutembea, mwombeni aimbe baada ya chakula cha jioni, na mkubwa wa watoto aandike maneno katika daftari. Na mwenye nafasi ya kuipata santuri hii aisikilize pamoja na watoto wake, awaonyeshe picha ya mzee yule mwenye kofia, na awaambie alikuwa nani.